Viazi vya Kikaangoni na Majani Mabichi ya Viungo: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya yanarudi kila mara mtu anapokaanga viazi akakuta vimepondeka, vimeshika chini, au vimeungua nje huku ndani bado vibichi. Ukiyasoma yote utagundua mengi yana mzizi mmoja: maji. Kiazi kibichi karibu asilimia 80 yake ni maji, na mpishi asipoyashughulikia yale ya juu, hakuna mafuta wala moto utakaomsaidia. Mwenye haraka asome swali la kwanza tu, aende jikoni.

## Mambo ya msingi

Nielezeni kwa mkato: vinapikwaje, mwanzo hadi mwisho?

Kwa watu wanne andaa gramu 700 za viazi, vijiko 3 vya chakula vya mafuta, punje 2 za kitunguu saumu, chumvi, pilipili manga, na majani mabichi laini ya viungo (kama kotmiri au paseli) ambayo yakishakatwakatwa yatajaa vijiko 3 vya chakula. Kikaango kiwe na upana wa sentimita 28 hivi.

Osha viazi, kata vipande vya sentimita 2, vitie kwenye maji baridi yenye chumvi, kisha bandika jikoni. Maji yakichemka hesabu dakika 4 au 5. Kisu kiingie pembeni mwa kipande bila shida, lakini katikati bado kigome kidogo. Chuja, rudisha viazi kwenye sufuria ileile tupu yenye joto, viache bila kifuniko dakika 3 mvuke utoke.

Pasha kikaango kwa moto uliozidi wastani kidogo, tia mafuta, yakipata moto sawasawa mimina viazi na kuvitandaza tabaka moja. Usiviguse kwa dakika 4. Vigeuze, viache tena dakika 3 au 4, uendelee hivyo mpaka pande nyingi zishike rangi ya dhahabu; kwa kawaida ni dakika 12 hadi 15. Punguza moto, tia kitunguu saumu kilichokatwakatwa, koroga dakika 1, epua. Hapo ndipo unamwagia majani na pilipili manga, unageuzageuza mara mbili tatu na kuonja chumvi. Kazi yote, pamoja na kukata na kusubiri maji yachemke, ni dakika 40 hivi.

Ni lazima kuvichemsha kwanza?

Si lazima. Ukitaka kuruka hatua hiyo kata vipande vidogo zaidi, sentimita 1 na nusu, suuza mpaka maji yatoke safi bila ukungu, kausha kwa kitambaa, kaanga kwa moto wa wastani ukiwa umefunika dakika 7 au 8, ukigeuza mara moja katikati. Halafu funua, ongeza moto kidogo, uendelee dakika 10 hadi 12. Kifuniko kinazuia mvuke na kuivisha ndani. Ukikifunua, mvuke unatoka na rangi inaanza kuja.

Binafsi nachemsha. Kipande kilichochemshwa kidogo kinachakaa juu, kinapata utando mwembamba wa wanga ulioiva, na utando huo ukikutana na mafuta ya moto ndio unakuwa ukoko. Kipande kibichi kina uso laini, kwa hiyo ukoko wake ni mwembamba na unanywea upesi. Dakika unazookoa kwa kutochemsha unazilipa baadaye kwenye kikaango.

Kiazi cha aina gani kinafaa?

Kuna viazi vya unga, ambavyo vikichemshwa vinachanuka na kumumunyuka, na kuna viazi vigumu vyenye nyama iliyoshikana, ambavyo havivunjiki hata ukivikoroga. Cha unga kinatoa ukoko mzuri zaidi ila kinataka mkono mwepesi. Kigumu kinabaki na umbo safi lakini ukoko wake ni wa wastani. Aina za katikati, hasa zile zenye nyama ya manjano, ndizo zinazomsamehe mpishi anayeanza.

Usipojua unacho kipi, changanya kikombe 1 cha chumvi na vikombe 11 vya maji, tumbukiza kiazi kizima. Cha unga ni kizito, kinazama; kigumu kinaelea.

Nimenye au nisimenye?

Ganda jembamba la kiazi kichanga liache, linakauka vizuri na kuongeza ladha. Ganda nene na lenye makovu menya. Ukiliacha, sugua udongo wote kwa brashi, kwa sababu mchanga hauivi.

Nikishakata nifanyeje visibadilike rangi?

Vitumbukize kwenye maji baridi. Weusi ule unatokana na kimeng'enya kilichomo ndani ya kiazi kukutana na hewa, na maji yanaizuia hewa. Saa 1 au 2 haina neno. Ukiviacha usiku kucha viweke kwenye friji humohumo majini, na ukumbuke kuvikausha mno kabla ya kukaanga.

## Kikaango, mafuta na moto

Kikaango kipi ni bora?

Kizito. Cha chuma cha kusubu kinaongoza, maana kinahifadhi joto: ukimimina viazi hakipoi ghafla. Kikaango cha chuma cha pua kinafaa pia, mradi usiwe na papara ya kugeuza. Visivyogandisha vinarahisisha kazi, ila visipashwe vitupu kwa moto mkali. Tabaka lake la juu huanza kuharibika joto likipita nyuzi 260 za Selsiasi hivi. Sufuria nyembamba ya alumini ndiyo ngumu kuliko zote, kwa kuwa inaungua pale moto ulipo na kubaki baridi pembeni. Kama ndiyo uliyonayo, punguza moto, ongeza mafuta kidogo, na uizungushe jikoni kila baada ya dakika chache.

Kwa nini viazi vinashika chini?

Sababu ziko tatu, na mara nyingi zinakuja pamoja.

Ya kwanza ni wanga wa juu. Ukikata kiazi unapasua chembe zake na wanga unamwagika. Usiposuuza, wanga huo unageuka gundi mara tu unapopata joto. Ya pili ni kikaango cha baridi: mafuta yawe ya moto kabla kiazi hakijaingia. Jaribu kwa kipande kimoja. Kikitoa mlio papo hapo, endelea. Kikikaa kimya, subiri.

Ya tatu, na ndiyo inayowaponza wengi, ni kugeuza mapema. Kipande kinaposhika rangi kinajiachia chenyewe. Kitazame kwa karibu: dakika ya kwanza mafuta yanalia kwa fujo na mapovu makubwa yanazunguka kipande, kwa sababu maji bado yanatoka. Baadaye mlio unakuwa mwembamba, mapovu yanapungua, na ukingo wa chini unaonyesha mstari wa kahawia. Ingiza mwiko bapa wakati huo. Ukihisi kinang'ang'ania, kiache dakika nzima zaidi. Ukikikwangua kwa nguvu utabaki na kiazi kisicho na ngozi na kikaango chenye ngozi ya kiazi.

Mbona vyangu vinalainika tu, havitoi ukoko?

Umevijaza mno. Rangi ya kahawia na harufu ile ya kukaanga zinahitaji joto la kama nyuzi 140 na kuendelea, na maji yakiwepo juu ya kiazi, joto la uso haliwezi kupita nyuzi 100. Vipande vikibanana mvuke unakosa pa kutokea, kwa hiyo hukaangi, unachemsha kwa mvuke na mafuta juu. Kila kipande kiguse chuma, na kuwe na mianya unayoiona kwa macho.

Kosa la pili ni kuviingiza vikiwa vimelowa. Zile dakika 3 za kutoa mvuke zilizotajwa katika swali la kwanza zinaonekana ndogo, lakini ukiziruka matokeo yanajulikana. Na la tatu: ukishapata ukoko usifunike tena, hata kwa nia ya kuvitunza moto.

Nje vimeungua, ndani vibichi. Nifanye nini sasa hivi?

Punguza moto, nyunyiza vijiko 2 vya maji pembeni mwa kikaango, funika dakika 4 au 5, kisha funua uvikaushe. Havitakuwa kama vya mwanzo, lakini vitalika. Siku nyingine kata vidogo zaidi au uvichemshe kwanza. Kama moto ulikuwa wa wastani na bado viliungua haraka, tazama swali la viazi vilivyokaa kwenye friji huko chini.

Mafuta au siagi?

Anza na mafuta, maliza na siagi. Siagi ina maji na chembe za maziwa, na chembe hizo zinaungua kabla viazi havijaiva. Kaanga kwa mafuta yasiyo na harufu kali au mafuta ya zeituni, halafu dakika ya mwisho ongeza kijiko 1 cha siagi pamoja na kitunguu saumu. Samli haina tatizo hilo, kwa kuwa maji na chembe za maziwa zimeshaondolewa, kwa hiyo inaweza kutumika tangu mwanzo.

Naweza kukaanga bila mafuta kabisa?

Kuiva vitaiva, kwenye kikaango kisichogandisha na maji kidogo chini ya kifuniko. Ukoko usiutarajie. Mafuta ndiyo yanayojaza nafasi kati ya chuma kilichonyooka na kiazi kisichonyooka, ili joto lifike kila mahali. Kama lengo ni kupunguza tu, kijiko 1 na nusu kwa gramu 700 bado kinafanya kazi kwenye kikaango kizuri.

## Majani

Ni majani gani yanafaa?

Yagawe mafungu mawili, maana kila fungu lina desturi yake jikoni. Majani magumu ni kama rozimari na thaimu: yana mafuta mengi ya harufu, yanavumilia moto, na yakiliwa mabichi yanakera mdomoni. Majani laini ni kama kotmiri, paseli, nanaa, rehani na majani ya vitunguu: harufu yake ni nyepesi na inakimbia joto likizidi.

Kwa chakula hiki napenda jani gumu moja na laini moja, basi. Rozimari na paseli. Thaimu na majani ya vitunguu. Ukichanganya matano kwa pamoja hakuna hata moja litakalosikika. Nanaa nayo ina ubabe. Itumie peke yake, kidogo, na ndimu juu.

Niyatie wakati gani?

Magumu yaingie dakika 3 au 4 kabla ya kuepua, yakiwa yamekatwa madogo sana. Laini yaingie moto ukiwa umezimwa. Joto lililobaki kwenye viazi linatosha kuamsha harufu bila kuyanyausha.

Kuna njia nyingine ya rozimari ambayo inastahili kujaribiwa. Mafuta yakiwa ya moto, kabla ya viazi, tumbukiza tawi zima kwa nusu dakika, litoe likiwa bado kijani na limekauka. Mafuta yameshabeba harufu, na majani yenyewe sasa yanavunjika kwa vidole. Yafikiche juu ya viazi wakati wa kupakua. Tawi liwe kavu kabisa. Likiwa na maji, soma jibu linalofuata.

Majani yanarusha mafuta hadi usoni. Kwa nini?

Yamelowa. Tone la maji likizama kwenye mafuta ya moto linageuka mvuke ghafla na kuyasukuma nje. Osha majani mapema, yakung'ute, yatandaze juu ya kitambaa safi na uyabonyeze kwa kitambaa kingine. Majani makavu pia hukatika vizuri: hayashikani kwenye ubao wala kuwa uji.

Yamegeuka meusi nilipoyakata. Kisu au majani?

Kisu, mara nyingi. Kisu butu kinaponda jani badala ya kulikata, na jani lililopondwa linasawijika. Noa kisu, kusanya majani, kata mara moja ukiteremka, usiyarudierudie. Rehani ndiyo dhaifu kuliko yote. Ichane kwa mikono tu.

Nina majani makavu pekee. Nitumie kiasi gani?

Theluthi moja ya kiasi cha mabichi: mahali pa kijiko 1 cha chakula weka kijiko 1 cha chai. Thaimu na rozimari kavu ni nzuri, na ziingie mapema kuliko mbichi ili zilainike. Paseli na kotmiri kavu ziache kabatini, hazina la kuongeza hapa. Afadhali utumie maganda ya ndimu yaliyokwanguliwa na majani machache ya vitunguu.

Na yale yaliyogandishwa kwenye friza?

Harufu bado ipo, sura haipo. Yatie moja kwa moja bila kuyayeyusha, dakika ya mwisho, moto ukiwa bado unawaka ili maji yake yakauke.

## Chumvi, kitunguu saumu na ndimu

Chumvi itiwe mwanzo au mwisho?

Kote kuwili, lakini si katikati. Maji ya kuchemshia yawe na chumvi, kijiko 1 na nusu cha chai kwa lita 1, kwa sababu hiyo ndiyo nafasi pekee ya ladha kuingia ndani ya kiazi. Nyingine nyunyiza baada ya kuepua. Ukiitia vikiwa kikaangoni bila rangi, inavuta maji hadi juu, na maji tumeshayasema.

Kitunguu saumu kinaniunguzia kila mara na kuwa kichungu.

Kinaingia mapema mno. Vipande vidogo vya kitunguu saumu vinaungua kwa sekunde chache kwenye joto linalofaa viazi. Kitie mwishoni, moto ukiwa mdogo, dakika 1 tu. Kama unataka harufu tu, ponda punje nzima kwa ubapa wa kisu, iache kwenye mafuta tangu mwanzo, uitoe ikianza kuwa ya kahawia.

Niliweka ndimu, majani yakapoteza ukijani. Inazuilika?

Asidi inaharibu rangi ya kijani ya majani, na joto linaharakisha. Kamulia ndimu mezani, kila mtu kwenye sahani yake, au tumia maganda yaliyokwanguliwa: yana harufu yote bila asidi.

Viazi vyangu vinavunjika vikichemshwa. Kuna dawa?

Tia kijiko 1 cha chakula cha siki kwa kila lita 1 ya maji. Asidi inaimarisha kile kinachoshikilia chembe za kiazi pamoja, kwa hiyo vipande vinabaki na pembe zake. Vitachukua dakika 1 au 2 zaidi. Pia anza na maji baridi, si ya moto, ili nje isiive na kupasuka kabla ya ndani. Viazi vigumu havihitaji siki.

## Kuandaa mapema na viporo

Naweza kuvichemsha leo nikaanga kesho?

Ndiyo, na huenda vikawa vizuri zaidi. Kiazi kilichopoa kwenye friji kinakakamaa na uso wake unakauka, kwa hiyo hakivunjiki wakati wa kugeuza. Viache vipoe, vitandaze kwenye sahani bila kufunika kwa saa ya kwanza, kisha funika. Kesho yake viingie kikaangoni vikiwa baridi vilevile.

Vilivyobaki vinakaa siku ngapi?

Siku 3 hadi 4 kwenye friji, ilimradi viliingia humo ndani ya saa 2 tangu viive. Yale mafuta yaliyobaki yenye kitunguu saumu na majani usiyahifadhi mezani au kabatini: kitunguu saumu kilichozama kwenye mafuta bila ubaridi kinaweza kuotesha bakteria wa sumu ya botulini, ambayo haitoi harufu wala dalili yoyote kwenye chakula.

Nivipasheje bila kuvilegeza?

Kikaango kikavu, moto wa wastani, dakika 5 au 6. Mikrowevu inavirudisha kwenye ulaini, basi itumie kama ukoko si hoja. Ongeza majani mapya. Ya jana yameshachoka.

## Hali zisizo za kawaida

Kiazi kina rangi ya kijani au kimechipua. Kinalika?

Ukijani wenyewe si sumu, lakini unaonyesha kuwa kiazi kimepigwa na mwanga, na mwanga huohuo unaongeza solanini na ndugu zake, ambazo ni sumu na haziondoki kwa kupikwa. Doa dogo likate kwa kina pamoja na ganda. Chipukizi chache kwenye kiazi kigumu zing'oe na macho yake. Kiazi chenye kijani sehemu kubwa, kilichonywea, au kinachoonja uchungu kitupe bila huruma.

Niliweka viazi vibichi kwenye friji. Vina shida gani?

Baridi ya friji inafanya wanga ugeuke sukari polepole. Ukivikaanga vinakuwa vyeusi kabla ya kuiva, na ladha ina utamu wa ajabu. Viweke nje ya friji siku kadhaa, mahali penye giza na hewa, hali itapungua.

Sukari hiyo pia inahusika na akrilamidi, kemikali ambayo watafiti wa Uswidi walitangaza mwaka 2002 kuwa inatokea kwenye vyakula vya wanga vinavyokaangwa au kuokwa kwa joto la juu. Kadiri rangi inavyokolea ndivyo inavyoongezeka. Simamia rangi ya dhahabu, usifike kwenye kahawia iliyoiva sana. Onyo hili la friji halihusu viazi ulivyokwisha chemsha.

Nawapikia watu kumi. Nijaze kikaango kimoja kikubwa?

Hapana, sababu iko kwenye swali la ukoko. Tumia vikaango viwili, au chemsha vyote pamoja halafu ukaange kwa mafungu, kila fungu lililoiva likisubiri kwenye oveni ya nyuzi 100 bila kufunikwa. Kitunguu saumu na majani yaingie mara moja tu, mwishoni, viazi vyote vikiwa kwenye bakuli moja kubwa.

Ninaishi sehemu ya juu sana, viazi havitaki kuiva. Ni kweli mwinuko unahusika?

Ni kweli. Kwenye mwinuko wa mita 1,500 maji yanachemka kwenye nyuzi 95 hivi badala ya 100, kwa hiyo hata yakitokota namna gani hayana joto lile. Ongeza dakika 2 au 3 za kuchemsha na uamini kisu kuliko saa. Ukaangaji haubadiliki sana, kwani mafuta hayategemei kiwango hicho.

Njia hii inafaa kwa viazi vitamu?

Inafaa ukirekebisha. Vina sukari nyingi, vinaungua upesi na havitoi ukoko uleule. Visichemshwe, kata sentimita 1 na nusu, moto wa wastani, funika dakika 5 tu kisha funua. Thaimu inakubaliana navyo, kotmiri na ndimu pia. Rozimari iwe chache sana.